Kutembelea Somerset, Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Naishi Bristol, na mpaka wa Somerset uko hapo tu kusini mwa mji wetu. Kila kiangazi nyumba hujaa wageni: ndugu kutoka Tanga na Mombasa, marafiki kutoka Muscat, vijana wanaosoma London. Wote huuliza yale yale, kwa hiyo nimeyaweka majibu mahali pamoja. Bei za tiketi sikuziandika kwa sababu hubadilika kila msimu. Zitazame kwenye tovuti ya mahali unapokwenda kabla hujatoka nyumbani. Mara nyingi ukinunua mtandaoni mapema unalipa kidogo kuliko mlangoni.

Somerset iko wapi hasa, na Bath imo?

Ni kaunti ya kusini-magharibi mwa Uingereza. Kaskazini imepakana na Bristol, magharibi na Devon, na upande mmoja inaitazama bahari, ng'ambo yake ikiwa nchi ya Wales. Bath imo tangu zamani, ingawa leo ina halmashauri yake, na Weston-super-Mare nayo iko chini ya halmashauri nyingine. Hayo ni ya walipa kodi, mgeni hayamhusu. Hapa naichukua kaunti nzima kama wazee wa huku wanavyoijua, kuanzia Bath hadi vilima vya Exmoor.

Nina siku moja tu kutoka London. Inatosha?

Inatosha kuiona Bath, basi. Treni kutoka Paddington hadi kituo cha Bath Spa huchukua karibu saa moja na nusu, na ukishuka, kila kitu ni mwendo wa miguu. Ombi langu moja: usipande zile ziara za basi zinazounganisha Stonehenge, Bath na kijiji kingine ndani ya siku moja. Nimewaona wageni wakishushwa, wakikimbizwa, wakipandishwa tena hata chai hawajanywa.

Ukiweza kulala, lala Wells, usilale Bath. Ni mji mtulivu, na kutoka hapo Wookey Hole, Glastonbury na Cheddar zote ziko ndani ya kilomita 15. Siku tatu ndicho kipimo ninachowapa watu wangu: Bath siku ya kwanza, Wells na Glastonbury ya pili, Cheddar na bahari ya tatu.

Naruhusiwa kuoga kwenye mabafu ya Kirumi?

Hapana, na usijaribu hata kutia mkono. Maji yanayojaza lile bwawa kubwa hayajasafishwa. Mwaka 1978 msichana mmoja alifariki kwa ugonjwa wa ameba baada ya kuogelea kwenye maji ya chemchemi hizi, na tangu hapo bwawa la kale limekuwa la kutazama tu. Ukitaka kuoga maji yale yale yakiwa yamesafishwa, vuka barabara uende Thermae Bath Spa, iliyofunguliwa mwaka 2006. Ina bwawa juu ya paa, na jioni ya baridi, mvuke ukipanda huku taa za mji zikiwaka chini yako, utakaa mpaka vidole vikunjamane. Watu wanaoga pamoja, wake kwa waume, kwa hiyo anayejisitiri auulize utaratibu wa mavazi kabla ya kulipa.

Lakini mabafu ya kale yasikupite. Mvua iliyonyesha maelfu ya miaka iliyopita kwenye vilima vya Mendip ilizama ardhini, ikapashwa joto huko chini, na sasa inatoka yenyewe ikiwa na nyuzi joto 46, zaidi ya lita milioni moja kila siku. Warumi waliikuta chemchemi hii ikiheshimiwa na wenyeji kwa jina la mungu wao wa kike, Sulis. Hawakulifuta jina hilo. Waliliunganisha na la Minerva wa kwao, wakajenga hekalu na mabafu. Sakafu ya bwawa kubwa hadi leo imetandikwa mabamba ya risasi waliyoyaweka wao, na risasi ilichimbwa papo hapo Mendip. Ukijani wa maji ni mwani unaoota kwa sababu ya jua. Wakati wa Warumi bwawa lilikuwa na paa.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote humo ni kidogo kama kiganja cha mtoto. Watu walioibiwa walikuwa wakichonga maombi yao kwenye vipande vyembamba vya risasi, wakavikunja na kuvitupa kwenye chemchemi ili mungu wao amshike mwizi. Mmoja aitwaye Docimedes alipoteza glavu mbili, akaomba mwizi apotewe na akili na macho. Aliyekulia Uswahilini hahitaji kuelezwa zaidi. Ndiyo ile ya kutangaza mtaani kwamba kuku asiporudi kufikia Ijumaa, albadiri itasomwa.

Mwisho wa ziara utakuta bomba la maji ya kunywa, ambayo haya yamesafishwa. Mama yangu aliyapiga funda moja, akanyamaza kidogo, akasema, "Haya si maji, ni msumari uliochemshwa." Kisha akamaliza kikombe, kwa kuwa alishaambiwa ni dawa ya viungo.

Ni kweli Haile Selassie aliishi Bath?

Ni kweli, na nashangaa wageni wengi kutoka Afrika wanapita Bath bila kuambiwa. Italia ilipoivamia Ethiopia, mfalme alitoka nchini mwezi Mei 1936. Juni 30 alisimama mbele ya Shirikisho la Mataifa kule Geneva kuidai haki ya nchi yake, na hakupata msaada aliouomba. Akaja kukaa Bath, akanunua nyumba iitwayo Fairfield House, upande wa magharibi wa mji, akaishi humo uhamishoni mpaka vita vikuu vilipobadilisha mambo. Mei 5, 1941 aliingia tena Addis Ababa.

Katika kumrudisha kuna mkono wetu. Miongoni mwa majeshi yaliyoingia Ethiopia mwaka 1941 kutokea Kenya walikuwamo askari wa Keya (KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza), vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Ikiwa kwenu kuna babu aliyepigana "vita vya Mhabeshi", basi safari yake na nyumba hii ni hadithi moja.

Mwaka 1958 mfalme aliutunuku mji nyumba hiyo iwafae wazee, na mpaka leo wazee hukutana humo, wengi wao wenye asili ya Karibiani, Afrika na Asia. Haifunguliwi kila siku kama makumbusho ya kawaida, kwa hiyo ulizia siku za wageni kabla ya kwenda. Niliwahi kufika siku ya baridi kali, bustani imeganda, nikasimama kwenye varanda nikimfikiria mtu aliyezoea jua la Addis akipita hapo akiwa amejitanda joho lake. Nyumba ni ya kawaida kuliko unavyodhani. Ndiyo maana inagusa.

Mengine ya kuona Bath?

Royal Crescent, nyumba 30 zilizoshikana kama mwezi mwandamo, zilizoanza kujengwa mwaka 1767. Daraja la Pulteney, ambalo lina maduka pande zote mbili, hata ukipita juu yake hujui kama uko darajani. Kanisa la Abbey, ambalo mbele yake malaika wa mawe wanapanda na kushuka ngazi. Mji mzima umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1987.

Ukiyatazama majumba hayo, jua pia pesa zilikotoka. Sehemu ya utajiri wa Bath ya karne ya 18 ilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Karibiani, yaliyolimwa na Waafrika waliotumikishwa. Mnara wa Beckford, ulio juu kilimani Lansdown, ulijengwa na mtu aliyerithi mashamba ya Jamaika. Ulifunguliwa upya mwaka 2024, na sasa habari hiyo inaelezwa waziwazi ndani yake. Nenda.

Nimesikia yule Speke wa Ziwa Victoria amezikwa huko. Kaburi linatembelewa?

Linatembelewa. Yuko Dowlish Wake, kijiji kidogo cha mawe ya rangi ya asali karibu na Ilminster, katika kanisa la Mtakatifu Andrea. Ndani kuna sanamu ya kichwa chake na dirisha la vioo vya rangi la kumkumbuka. Familia yake ilikuwa na shamba karibu na hapo.

Tuliosoma shule za Afrika Mashariki jina hili tulilikariri kwenye somo la historia: John Hanning Speke, mzungu wa kwanza kuliona ziwa, mwaka 1858, akitokea upande wa Mwanza. Alikuwa amemwacha mwenzake Richard Burton akiumwa Kaze, karibu na Tabora. Speke akashikilia kwamba ziwa hilo ndilo chanzo cha Naili, Burton akakataa, na urafiki ukavunjika. Walipangiwa kujibizana hadharani mjini Bath Septemba 16, 1864, mbele ya wanasayansi. Siku moja kabla, Speke alikwenda kuwinda ndege katika kaunti jirani ya Wiltshire, akapigwa na bunduki yake mwenyewe wakati akiruka ukuta wa mawe, akafa. Hadi leo watu wanabishana kama ilikuwa ajali. Livingstone alikuwa miongoni mwa waliomzika.

Nikienda pale sikosi kumtaja mtu ambaye hana dirisha la vioo. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, na alipopata uhuru akarudi Afrika Mashariki. Ndiye aliyekuwa naye Speke siku ile ziwa lilipoonekana, akizungumza kwa niaba yake na kuwaongoza wapagazi. Baadaye alikwenda na Stanley kumtafuta Livingstone, kisha akavuka bara zima na Cameron, msafiri mwingine Mwingereza. Bila yeye Speke asingefika. Na lile ziwa halikuwa likingoja jina: Waganda waliliita na bado wanaliita Nalubaale, na kusini likijulikana kama Nyanza.

Wageni kutoka Rwanda na Burundi wana sababu yao ya kusimama hapo kwa uzito. Speke aliandika nadharia kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walikuwa wageni wa asili nyingine, si Waafrika kama raia zao. Nadharia hiyo haikuwa na msingi, lakini wakoloni waliishika, na tunajua ilikotufikisha.

Kanisa ni la watu wanaosali, si makumbusho. Usiingie wakati wa ibada, na ukitoka acha sadaka kidogo.

Wells ni mji au kijiji?

Ni jiji kamili kwa sababu lina kanisa kuu, na ukiondoa lile eneo la zamani la katikati ya London, ndilo jiji dogo kuliko yote Uingereza. Unalizunguka kwa miguu asubuhi moja, ila usifanye hivyo. Lipe siku nzima.

Kanisa kuu lilianza kujengwa karibu mwaka 1175. Ukiingia, macho yanakwenda moja kwa moja kwenye matao makubwa yaliyopishana kama mkasi uliofunguliwa. Wengi hudhani ni pambo. Hapana: mnara ulipoongezwa urefu ardhi ilizidiwa na uzito, mnara ukaanza kuinama na kupasuka, na mafundi wakaubeba kwa matao hayo kati ya 1338 na 1348. Umesimama mpaka leo.

Kisha nenda upande wa kushoto ukaingoje saa. Ilitengenezwa karibu mwaka 1390. Kila baada ya dakika kumi na tano, farasi wadogo wa mbao wenye wapiganaji mgongoni huzunguka juu ya uso wa saa, na mmoja anaangushwa kwa pigo la mkuki. Ni yule yule kila mara, kwa zaidi ya miaka 600. Mpwa wangu wa miaka saba alikataa kuondoka. Aliingoja mara nne akiamini mara hii yule maskini atakwepa.

Nyuma ya kanisa kuna Vicars' Close, mtaa wa nyumba za karne ya 14 ambazo bado watu wanaishi, kwa hiyo usichungulie madirishani. Upande wa pili, jumba la askofu limezungukwa na handaki la maji, na humo wanaogelea bata-maji weupe wenye shingo ndefu ambao hufundishwa kuvuta kamba ya kengele wakitaka chakula. Usitegemee watavuta ukiwa umesimama. Wanavuta wakiwa na njaa.

Soko liko uwanjani Jumatano na Jumamosi.

Jibini la Cheddar linatoka kweli Cheddar?

Asili yake ni hapo, lakini jina halikulindwa, ndiyo maana unakuta "cheddar" ya New Zealand au ya Kenya dukani. Kinacholindwa ni jina refu zaidi, lile la jibini la shambani la West Country, ambalo lazima litengenezwe Somerset, Devon, Dorset au Cornwall. Kijijini Cheddar kuna watengenezaji ambao bado wanalikomaza jibini ndani ya pango, kwa sababu pangoni joto halipandi wala halishuki mwaka mzima. Onja la pangoni na la kawaida, moja baada ya jingine. La pangoni ni kali, lina chembechembe, na linabaki mdomoni.

Wenye kuangalia halali: jibini hutengenezwa kwa kimeng'enya ambacho huweza kuwa cha mnyama. Tafuta lililoandikwa kwamba linafaa kwa wasiokula nyama.

Na lile bonde lenyewe?

Bonde la Cheddar ni ufa wa mwamba wa chokaa wenye kuta zinazofikia zaidi ya mita 100. Barabara inapita chini yake, na ngazi 274 zinapanda hadi juu. Panda asubuhi kabla magari hayajajaa, na utawaona mbuzi wamesimama kwenye kingo ambazo hata kutazama kunatia kizunguzungu.

Pango la Gough ndilo kubwa. Watoto wa Tanga waliokwisha kuingia mapango ya Amboni hawatashangazwa na mawe yanayoning'inia, lakini watashangazwa na aliyekutwa humo. Mwaka 1903 ilifukuliwa mifupa ya mtu aliyekufa karibu miaka 10,000 iliyopita, mifupa ya mtu iliyo kamili ya kale kuliko zote Uingereza. Mwaka 2018 wanasayansi walitangaza matokeo ya vinasaba vyake: kuna uwezekano mkubwa ngozi yake ilikuwa nyeusi au ya maji ya kunde iliyokoza, na macho yake hayakuwa ya rangi ya kahawia. Kwa watoto wetu wanaokulia huku, wanaoulizwa kila siku "hasa hasa umetoka wapi?", kumwona mtu huyo ni jambo kubwa. Binti yangu alisimama mbele ya picha yake muda mrefu bila kusema kitu. Mifupa halisi iko London, kwenye Makumbusho ya Viumbe na Mazingira; hapa utaona nakala.

Nichague Cheddar au Wookey Hole?

Watu wazima, Cheddar. Watoto chini ya miaka kumi, Wookey Hole, maana kuna mto unaopita pangoni, jiwe linalosemekana ni mchawi aliyegeuzwa, na michezo mingi nje. Kote kuwili beba sweta hata Julai; ndani ni nyuzi joto 11 tu.

Glastonbury si ndiko kwenye tamasha la muziki?

Tamasha lina jina hilo lakini hufanyika shambani Pilton, kilomita kadhaa kutoka mjini, mwezi Juni. Lilianza mwaka 1970, na baadhi ya miaka, kama 2026, halifanyiki ili ardhi ipumzike. Tiketi huisha mtandaoni mara tu zinapotolewa, na huuziwi bila kujiandikisha kwanza na picha. Anayekuahidi tiketi mkononi anakuibia.

Mji wenyewe ni wa kuutembelea mwaka mzima. Kilima cha Tor, mita 158, kina mnara wa kanisa juu yake, na kupanda ni bure. Upepo wa pale juu si mchezo. Funga mtandio vizuri. Ukiwa juu utaiona tambarare yote chini, ambayo zamani ilikuwa kinamasi, na siku za ukungu kilima huonekana kama kisiwa. Ni hapo mwaka 1539 Mfalme Henry wa Nane alipomnyongesha abate (mkuu wa watawa) wa mwisho, mzee Richard Whiting, baada ya kuivunja abasia yake, yaani nyumba ya watawa. Magofu ya abasia yako mjini, na yana utulivu wake.

Watoto wanataka bahari. Waende wapi?

Weston-super-Mare. Mchanga mpana, punda wa kupanda, na gati refu lenye michezo, lililoungua mwaka 2008 likafunguliwa tena 2010.

Hapa naomba tusikilizane vizuri, hasa sisi watu wa pwani tunaodhani tunaijua bahari. Kwetu bamvua kubwa ni kama mita nne kati ya maji kupwa na kujaa. Huku inafika mita 14, miongoni mwa kubwa kuliko zote duniani. Maji yakipwa, bahari inatoweka kabisa, na unashawishika kuifuata kama unavyokwenda kuokota kombe. Usiifuate. Baada ya mchanga kuna tope laini linalomeza mguu mpaka gotini, na maji yakianza kujaa yanakuja upesi. Waokoaji wanaitwa mara kwa mara. Tazama jedwali la maji kabla ya kutoka, fika yakiwa yanajaa, na ubaki kwenye mchanga mkavu.

Inawezekana kutembea bila gari?

Inawezekana, kwa subira. Treni zinafika Bath, Weston, Taunton na Castle Cary. Wells haina stesheni tangu reli zake zilipofungwa miaka ya 1960. Unapanda basi kutoka Bath au Bristol, na basi la Bristol huendelea hadi Glastonbury. Jumapili mabasi ni machache. Dowlish Wake na Exmoor bila gari ni shida.

Na nikikodi gari?

Watu wa Kenya, Tanzania na Uganda mna bahati: huku nako huendeshwa kushoto. Mgeni anaruhusiwa kuendesha kwa leseni kamili ya kwao hadi miezi 12, ingawa kampuni ya kukodisha inaweza kudai na leseni ya kimataifa. Njia za vijijini ni nyembamba, zina kuta za majani pande zote, na mara nyingi gari moja tu linapita. Mkikutana, aliye karibu na upenyo ndiye anayerudi nyuma, na mwenzake huinua mkono kushukuru. Ukipelekwa Porlock, usidharau alama ya mteremko. Ni mkali kweli.

Exmoor inafaa kwa mgeni wa mara ya kwanza?

Kwa mara ya pili. Ila kama unapenda nyota, ipe nafasi: mwaka 2011 ilikuwa ya kwanza Ulaya kutambuliwa kama hifadhi ya anga la giza. Waliokulia kijijini bila umeme watalikuta tena anga lao. Kuna pia kulungu wekundu, farasi wafupi wa porini, na kilele cha Dunkery chenye mita 519. Njiani pita Dunster, kijiji chenye ngome na banda la soko lililojengwa kwa mbao mwaka 1609.

Nije msimu gani?

Mei au Septemba. Juni jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku, unapata siku ndefu, lakini watu wengi. Desemba saa kumi jioni ni giza.

Hata hivyo kati ya Novemba na Februari kuna jambo ambalo sijawahi kuona mfano wake. Kwenye mabwawa ya Ham Wall, karibu na Glastonbury, kwezi wa huku hukusanyika maelfu kwa maelfu kulala kwenye matete. Fika saa moja kabla ya machweo. Mwanzoni kundi dogo, kisha jingine, kisha anga zima linajipinda na kujikunjua kama nguo inayokung'utwa. Ghafla wote wanashuka kwa mara moja, na unasikia mabawa, shaa, kama mvua inapoanza kwenye mabati. Vaa viatu vya mvua, acha muziki garini.

Chakula na sala je?

Bath kuna msikiti katikati ya mji, na migahawa kadhaa ya halali, ila uliza kila mara. Ukitaka pilipili na sambusa zinazofanana na za nyumbani, panda treni robo saa hadi Bristol, uende Stapleton Road, kwenye maduka ya Wasomali.

Tahadhari moja: neno "cider" kwenye menyu huku ni pombe ya matufaha, tena kali, hata kama glasi inaonekana kama juisi. Somerset inasifika kwayo. Ukitaka isiyolevya, agiza "apple juice". Mashamba mengi huuza na ni tamu sana.

Nahitaji visa?

Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, ndiyo, visa ya mgeni. Visa ya Schengen haikuingizi Uingereza. Raia wa Oman na nchi za Ghuba wanaomba kibali cha kielektroniki, lakini Mkenya au Mtanzania anayefanya kazi huko anafuata pasipoti yake, si ukaazi wake.

Nina mzazi mzee anayetembea kwa shida. Wapi panafaa?

Wells, bila kusita. Sehemu kubwa ni tambarare na benchi ziko nyingi. Bath ina vilima na mawe, lakini mabafu ya Kirumi yana lifti. Tor na ngazi za Cheddar mwache apumzike chini na kikombe cha chai.

Kuna vya bure?

Tor, bonde la Cheddar ukilitembea barabarani, fukwe, Exmoor yote. Makumbusho ya Somerset yaliyo Taunton ni bure pia, na ndimo ulimo mtungi wa Frome: sarafu 52,503 za Kirumi zilizokutwa shambani mwaka 2010.

Tiketi yangu ina saa ya kuingia. Nikichelewa?

Sehemu nyingine wanakupa nafasi kidogo, nyingine hawakupi. Lakini tatizo la kwetu huwa jingine. Binamu yangu alinunua tiketi za saa nane mchana, akasoma "2 pm" na kumpigia shangazi simu: "Ni ya saa mbili." Shangazi akaamka alfajiri, akapanda treni ya kwanza na wajukuu wawili, akafika saa mbili asubuhi mwezi Novemba, mlango umefungwa na baridi inauma. Tulimkuta kwenye mkahawa wa stesheni akiwa amewafunika wajukuu kwa khanga zake mbili. Kwa hiyo mkipeana habari kwa simu, tumeni picha ya tiketi yenyewe.